Kwa Ustadi au kwa Hila? Somo juu ya Neno "Cunningly"



Vijana wetu wasomao Biblia ya Kiingereza, ile ya mwaka 1611 iitwayo ya King James, wametuletea swali ambalo twaona lawafaa wote. Wamekuta katika 1 Samweli 16:18 ya kwamba Daudi alikuwa "cunning" katika kupiga kinubi. Shuleni wamefundishwa kwamba mtu aliye "cunning" ni mtu mwenye hila. Je, Daudi alipiga kinubi kwa hila? Na kama sivyo, mbona Biblia ile ile, katika 2 Petro 1:16, yatumia kielezi "cunningly" kwa ajili ya hadithi za kutungwa ambazo Mtume azikataa?

Swali hili ni zuri, tena si la Kiingereza peke yake. Mwenye kulifuata hadi mwisho atajikuta mbele ya mfano mmoja wa Bwana wetu uliowasumbua Wakristo tangu zamani, yaani ule wa wakili dhalimu, na mbele ya neno moja tunalolitumia kila siku sokoni na nyumbani bila kulipima.

Asili ya neno

Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi "cunnan", maana yake kujua, au kuweza. Katika shina hilo limetoka neno "can", ambalo kila mtoto wa darasa la tatu analijua, na neno "ken" ambalo Waskoti hulitumia kwa kujua. Basi "cunning" hapo mwanzo ilikuwa ni ujuzi tu, elimu ya kichwa au ya mkono. Hakuna aliyeona haya kuitwa hivyo.

Kwa hiyo wafasiri wa mwaka 1611 hawakumtukana Daudi. Kiebrania cha mstari ule chasema kwa ufupi kwamba huyo mwana wa Yese ajua kupiga. Nao wakachukua neno lao la kujua wakaliweka mahali pa neno la Kiebrania la kujua. Walilenga shabaha kabisa. Kadhalika katika kitabu cha Kutoka, pazia za maskani na kile kifuko cha kifuani cha Haruni vyaitwa kazi ya "cunning", maana vilifumwa na mafundi hodari. Na wale wasomao Zaburi ya 137 katika Kitabu cha Sala cha Kiingereza cha mwaka 1662 watakuta mkono wa kuume ukiombewa kusahau "cunning" yake, yaani ustadi wake wa kupiga kinubi. Kiebrania chenyewe chasema mkono usahau, hakitaji usahau nini. Waingereza walilitia neno hilo ili maana ikamilike.

Lakini mfano unaotupendeza kuliko yote uko Mwanzo 25:27. Hapo Esau aitwa mwindaji "cunning", maana Kiebrania chasema ni mtu ajuaye kuwinda. Yakobo haitwi hivyo; yeye ni mtu mtulivu wa kukaa hemani. Sasa fungua sura ya 27. Ni nani anayevaa ngozi za mbuzi mikononi, akajiita kwa jina lisilo lake, akachukua mbaraka wa ndugu yake mbele ya baba kipofu? Ni yule mtulivu. Yule aliyeitwa "cunning" ndiye aliyerudi kutoka porini na nyama yake mkononi akakuta mambo yamekwisha. Basi msomaji wa leo anayedhani neno hilo lina maana moja tu atawapindua ndugu hawa wawili, amwone Esau ndiye mwenye hila na Yakobo ndiye mnyofu.

Jinsi neno lilivyoshuka

Neno la ujuzi lilishukaje hata likawa neno la udanganyifu? Twaona sababu yake si ngumu. Mtu asiyejua humwogopa ajuaye. Vijiji vya Uingereza, hata karne ya 19, vilikuwa na watu walioitwa watu wa "cunning", wanaume kwa wanawake, waliotoa dawa, waliotafuta vitu vilivyoibwa na kuondoa uchawi. Kwetu tungewaita waganga. Mwenye kupotelewa na ng'ombe aliwaendea usiku, na mchana akawasema. Hata sisi, tukimwita mtu fundi tunamsifu, lakini tukimwita fundi wa maneno tunawaonya wengine wasimkopeshe. Neno ni lile lile, ila tumelikunja kidogo.

Kwa muda mrefu maana zote mbili zilikaa pamoja, nzuri na mbaya, kama wapangaji wawili katika chumba kimoja. Ndiyo sababu Biblia ya 1611 ina Daudi upande huu na hadithi za uongo upande huu. Tena Mtume mwenyewe alifanya jambo hilo hilo kwa Kiyunani: neno analolitumia katika 2 Petro 1:16 limetoka katika "sofia", yaani hekima. Hadithi zile ni kazi ya hekima iliyotumika vibaya. Biblia yetu ya Union yatumia hapo maneno "kwa werevu", nasi tunaona wafasiri wetu walichagua vema, maana werevu nao waweza kwenda pande zote mbili.

Baadaye ile maana nzuri ilihama chumba. Leo Mwingereza akisema kwamba kufuli fulani limetengenezwa "cunningly", huenda anamsifu fundi. Akisema kwamba jirani yake alijibu "cunningly", hamsifu jirani. Hiyo ndiyo kanuni ambayo vijana wetu wanaweza kuishika: kielezi hiki kikielekea kazi ya mikono, mara nyingi ni sifa, kikielekea mwenendo wa mtu kwa mtu, ni onyo. Na wasomapo Biblia ya 1611, wachukue kwanza maana ya ujuzi, ndipo waangalie kama mahali penyewe panakataa. Si neno hili tu lililogeuka. Katika Kitabu cha Sala cha 1662 neno "prevent" lina maana ya kutangulia, na leo lina maana ya kuzuia. Mwenye kusali bila kujua hayo atadhani anamwomba Mungu amzuie njiani.

Ndugu zake

Neno hili lina ndugu kadhaa, nao hawafanani tabia. "Craftily" limetoka katika neno lililokuwa na maana ya nguvu, kama Wajerumani wanavyosema "Kraft" hata leo, kisha likawa la ustadi, kisha la hila. Ajabu ni kwamba "craftsman" amebaki kuwa fundi mwenye heshima, lakini aliye "crafty" ni mlaghai, mwanafunzi asichanganye. "Slyly" ni la mtu afanyaye jambo kwa kificho, na pengine kwa mzaha, kama anayecheka chini chini huku amekuficha kofia. Wamarekani wa zamani walikuwa na desturi yao: mtoto mchanga anayependeza walimwita "cunning", wala hawakumaanisha kwamba atawaibia.

Ndugu wa ajabu kuliko wote ni "shrewdly". Huyu alianzia chini kabisa. Zamani mtu "shrewd" alikuwa mtu mwovu, mwenye nia mbaya. Polepole akapanda, na leo "shrewdly" ni sifa ya mfanyabiashara mwenye macho makali asiyenunua gunia bila kulifungua. Basi "cunningly" na "shrewdly" walipishana mlimani, mmoja akishuka na mwingine akipanda. Tulishike hili, maana tutalihitaji katika Luka.

Kiswahili chatulazimisha kuchagua

Lugha yetu haina kielezi kimoja cha namna hiyo. Sisi huchukua jina na kulitanguliza "kwa": kwa ustadi, kwa akili, kwa busara, kwa werevu, kwa ujanja, kwa hila, kwa ulaghai. Mwingereza anaweza kusema neno lake moja akajificha nyuma yake, usijue kama anasifu au analaumu. Mswahili hawezi kwa urahisi. Akifungua kinywa amekwisha kutoa hukumu.

Kiebrania chafanana na Kiingereza katika jambo hili. Kina neno "orma". Katika Mithali 1:4 ni kitu chema ambacho wajinga wanapewa, na Union inaliita werevu. Katika Kutoka 21:14 ni kwa neno hilo hilo mtu amvizia mwenzake na kumwua, wala hata madhabahu isimwokoe. Na nyoka wa Mwanzo 3:1 asifiwa, kama ni sifa, kwa neno la shina hilo hilo.

Tazama pia Yoshua 9. Wagibeoni walisikia yaliyoupata mji wa Yeriko na wa Ai, wakaogopa. Wakachukua magunia makuukuu, viriba vya divai vilivyoraruka na kushonwa, viatu vyenye viraka, na mkate mkavu ulioingia koga, wakaja Gilgali wakasema wametoka nchi ya mbali. Mstari wa 4 wasema walitenda kwa hila. Kiingereza cha 1611 chasema "wilily", na Kiebrania ni "orma" ile ile. Wazee wa Israeli wakatwaa katika vyakula vyao, wasitake shauri kwa Bwana, wakaapa. Baada ya siku tatu wakagundua kwamba hao ni jirani zao. Wengi huishia hapo na kucheka. Lakini hila ile ilikuwa na gharama pande zote mbili: Wagibeoni waliokoa maisha, wakawa wapasua kuni na wachota maji, na Israeli, ingawa walidanganywa, walifungwa na kiapo chao. Sauli alipowaua Wagibeoni miaka mingi baadaye, nchi ilipata njaa ya miaka mitatu siku za Daudi (2 Samweli 21). Hakuna aliyesema kwamba agano lililopatikana kwa ujanja si agano.

Wakili wa Luka 16

Sasa twafika penye fundo lenyewe. Kila tunapozungumza juu ya fedha za watu, hutokea mmoja akasema, "Hata Yesu alimsifu yule wakili mjanja." Tumelisikia neno hilo katika maarusi, katika vikao vya mirathi, na (tuseme kweli) katika vikao vya kanisa pia. Yatupasa tuangalie kama ndivyo ilivyoandikwa.

Wakili ameshitakiwa kwamba anatapanya mali. Ametakiwa kutoa hesabu. Anajijua kwamba kulima hawezi na kuomba anaona haya. Basi awaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja: aliyekuwa na deni la vipimo 100 vya mafuta aandike 50, aliyekuwa na deni la makanda 100 ya ngano aandike 80. Na yule bwana alipojua, akamsifu. Sifa hiyo imefungwa katika kielezi kimoja, katika mstari wa 8, nacho kwa Kiyunani ni "fronimos". Biblia ya 1611 ilikifasiri kwa neno la hekima. New English Bible ya mwaka 1961 ikasema "astutely". New International Version, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1973, ikasema "shrewdly", yule ndugu aliyepanda mlima. Union yetu yasema "kwa busara".

Neno hilo lina jamaa gani katika Injili? Mjenzi aliyejenga juu ya mwamba, katika Mathayo 7, aitwa kwa neno la jamaa hiyo. Wanawali watano waliochukua mafuta ya akiba, katika Mathayo 25, vivyo hivyo. Na wale nyoka wa Mathayo 10:16, ambao Bwana anawaweka pamoja na hua. Hakuna mwongo kati ya mjenzi na wanawali. Wote ni watu walioona jambo linakuja, wakafanya kinachotakiwa kabla halijafika.

Kiyunani kina neno jingine la hila hasa, nalo ni "panurgia", mwenendo wa mtu aliye tayari kufanya lolote. Luka alilijua. Sura nne tu mbele, katika 20:23, wapelelezi wanapomwuliza Bwana juu ya kodi ya Kaisari, Luka asema Yesu aliitambua "panurgia" yao, na Union ikaandika hila. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 11:3, asema nyoka alimdanganya Hawa kwa hiyo hiyo, na katika 4:2 asema yeye na wenzake hawaenendi hivyo. Basi kama Luka angetaka kusema kwamba wakili alisifiwa kwa hila, neno alikuwa nalo mkononi. Hakulitumia.

Tena katika mstari ule ule wenye sifa, mtu huyu aitwa dhalimu. Sifa na hukumu zimetoka kwa pumzi moja. Aliyesifiwa amesifiwa kwa namna alivyoitambua saa yake, si kwa kalamu aliyowapa wadeni. Na mistari ya 10 hadi 12 yafuata mara moja, ikisema juu ya uaminifu katika lililo dogo na katika mali ya mtu mwingine. Anayesimama katika kikao na kuunukuu mstari wa 8, ageuze ukurasa asome na hiyo.

Lakini tusiwe wepesi mno. Sisi twaona kwamba neno "busara" nalo lina upungufu wake hapa. Kwetu busara ni ya mzee aliyekaa kimya akingoja wengine wamalize kusema. Wakili huyu hakukaa kimya. Alikwenda mbio, akamwambia mdeni aketi upesi aandike. Busara yake ni ya mtu anayeokoa vitu katika nyumba inayoungua. Mwalimu wa darasa afanye bidii kuileta haraka hiyo, la sivyo watu watadhani mfano huu unawasifu watu wapole.

Ujanja tunaousifu

Watoto wetu wamekua na Sungura anayemshinda Simba na Fisi, na katika pwani na Abunuwasi anayewashinda matajiri na wakuu. Hatusemi waache kusimuliwa, tunazipenda wenyewe. Lakini angalieni nani anadanganywa katika hadithi hizo. Ni mwenye nguvu anayemwonea mdogo. Sungura hana meno, ana akili, nasi twafurahi kwa niaba ya wote wasio na meno.

Shida ni pale tunapolichukua neno hilo la Sungura na kulivika mtu ambaye mbele yake hakuna Simba. Mtu atuma ujumbe wa simu kwa watu mia asiowajua, akiwaambia ile hela waitume kwa namba hii. Mama mmoja aliyekuwa akingoja kumtumia mwanawe ada anadhani ni mwanawe, anatuma. Jioni watu wasimulia, na wengine wanacheka: "Wajanja hao!" Mtu auza kiwanja kimoja kwa watu wawili, na mjini anaonekana ameerevuka. Mtunza fedha wa chama cha kuzikana aandika hesabu kwa namna ambayo hakuna awezaye kuifuata, nasi twasema jamaa huyu ana akili. Kiswahili kilitupa maneno ya kutosha: wizi, ulaghai, hila. Sisi tukaacha hayo yote tukamchagulia neno tamu. Kisha kijana anayetusikiliza barazani ajifunza kwamba mwaminifu ni mtu ambaye hajaerevuka.

Hatari nyingine iko upande wa pili, nayo haisemwi sana. Kuna Wakristo wanaoogopa akili kwa sababu wameiona ikitumika vibaya. Mweka hazina wa mtaa akiuliza stakabadhi, aambiwa hana imani. Mjane akitaka mtu wa kumsomea mkataba kabla hajatia sahihi, ndugu wanakasirika. Huko ni kumwachia nyoka werevu wote na kubakiza kwa hua ujinga. Mithali 1:4 yasema wajinga wapewe werevu. Haisemi wapongezwe kwa kuukosa.

Wazee walikuwa na methali: akili nyingi huondoa maarifa. Ukiisikiliza vizuri utaona inatenganisha vitu viwili ambavyo neno "cunning" lilivichanganya, yaani kile kipaji, na kile kujua kipaji ni cha nini.

Kwa vikundi vya Biblia

Someni Yoshua 9 yote, kisha 2 Samweli 21:1-14, mkajadili kwa nini wazee wa Israeli hawakuvunja kiapo walipogundua kwamba wamedanganywa. Kisha mtu mmoja asome Luka 16:1-13 kwa sauti, na kila mwanakikundi aandike neno lake mwenyewe mahali pa "kwa busara" katika mstari wa 8, bila kuonyesha mwenzake. Mkiisha, linganisheni. Wenye Biblia za Kiingereza walete na zao, kila toleo walilo nalo, nao watafute pia Mwanzo 25:27 waone kama Esau bado ni "cunning" au wafasiri wapya wamempa neno jingine.